Jua Halizami Ziwani Kwetu: Maneno juu ya Mashairi ya Watoto



Kila mwaka, siku ya sikukuu ya parokia, au siku ya kufunga masomo, au siku Baba Askofu anapokuja kutoa Kipaimara, watoto wetu husimama mbele ya watu na kusema shairi. Watu wanapiga makofi, mama wanapiga vigelegele, na mwalimu anapangusa jasho kwa furaha kwa kuwa mtoto hakusahau hata mstari mmoja. Kisha karatasi inakunjwa na kutiwa mfukoni. Hakuna anayeuliza: je, shairi lile lilikuwa zuri? Tena, je, lilikuwa la kweli?

Tumezoea kupima vitabu vya watu wakubwa. Leo twataka kupima mashairi ya watoto, yale yanayotungwa katika masomo na parokia za Uvira, pwani ya ziwa na huko juu katika vilima vya Mulenge. Ni mashairi juu ya jua, mvua, mito, ng'ombe, samaki na kazi za nyumbani. Mtu asituambie kwamba hili ni jambo dogo, kazi ya mwalimu wa kalasi ya tatu tu. Mtoto anayezoea kusema mbele ya kanisa zima kitu ambacho hakukiona, na kusifiwa kwa hicho, anajifunza jambo baya: kwamba maneno mazuri hayahitaji kuwa ya kweli. Kesho mtoto huyo atakuwa katekista, au padri, au mkubwa wa serikali. Ndiyo sababu twasema kwamba shairi la mtoto ni shule ya kwanza ya ukweli, na sisi tulio waalimu wake tutaulizwa habari yake.

I. Jua la kitabuni

Ili tusimwaibishe mtu, tumetunga wenyewe shairi moja la namna ile tunayoisikia mara kwa mara. Ni hili:

Jua lazama ziwani,
nyota zawaka angani,
ndege waimba mtini,
sifa kwako Maulana.

Tulipime kwa haki. Kila mstari una mizani nane, kama utenzi unavyotaka. Vina vya mistari mitatu ya kwanza vinalingana, na mstari wa nne unafunga ubeti kwa sauti yake. Mwisho Mungu anasifiwa. Kwa upande wa sheria za ushairi hatuna neno. Mwalimu akiulizwa atatoa alama nane juu ya kumi, na wazazi watapiga makofi.

Lakini sasa tutoke nje, tusimame pwani ya Uvira jioni, tutazame kwa macho. Ziwa liko mashariki yetu. Asubuhi jua linatokea ng'ambo, nyuma ya milima ya Burundi, na maji yote yanakuwa kama bati jipya. Jioni jua liko mgongoni mwetu. Linajificha nyuma ya ile milima inayoanza karibu na maji, penye metre 770 hivi juu ya usawa wa bahari, na kupanda hadi kupita metre 3000 katika Itombwe. Tangu Mungu alipoliumba ziwa hili, mtu wa Uvira aliye kwao hajaona jua likizama majini. Hata jirani zetu wa Bujumbura, wanaolitazama ziwa upande wa magharibi, wanaliona jua likishuka nyuma ya milima yetu, si ndani ya maji. Basi mtoto wetu amesema uongo katika mstari wake wa kwanza, naye hakujua.

Tuendelee. Nyota zinawaka, na papo hapo ndege wanaimba mtini. Ndege gani? Kila mtoto anayelala kijijini ajua kwamba ndege huimba alfajiri, na jioni wanapigania mahali pa kulala. Nyota zikiwaka, karibu wote wamenyamaza. Tena mti gani? Mwembe? Mchikichi? Mti wa avoka nyuma ya jiko? «Mti» tu si mti wa mtu yeyote. Mwisho neno Maulana. Ni neno la heshima, na washairi Waislamu wa pwani ya bahari wamelitumia kwa imani ya kweli. Lakini mtoto wetu, akipiga magoti jioni pamoja na mama yake, hamwiti Mungu kwa jina hilo. Amelichukua kwa kuwa lina silabi nne na linasikika kama shairi. Basi hata sala yake imekuwa ya kuazima.

Sasa tujaribu mara nyingine, mizani ileile, jioni ileile, lakini kwa macho ya mtoto wa Uvira:

Jua lapita mlima
kabla mama hajarudi;
ng'ambo Burundi kweupe,
kwetu taa tumewasha.

Hili si shairi kubwa. Vina havimo kabisa. Lakini kila mtu aliyekaa Uvira atalitambua mara moja, kwa sababu ndivyo ilivyo: kivuli cha milima kinatufikia mapema, na wakati sisi tunatafuta kiberiti, upande wa pili wa ziwa bado kuna mwanga juu ya vilima. Tena katika mstari wa pili yumo mama ambaye bado hajarudi kutoka sokoni au shambani. Shairi halisemi kwamba mtoto ana hofu, lakini tunaisikia. Mtu wa Kinshasa hawezi kuliandika, wala mtu wa Zanzibar. Ni la kwetu. Na wakubwa wanaolisikia watasema: «Kweli, mtoto huyu ametazama.» Kwetu sisi, hiyo ndiyo alama ya kwanza ya kupima shairi la mtoto, mizani na vina vinafuata nyuma.

II. Twalipata wapi jua hilo?

Mtoto hakusema uongo kwa kupenda. Alifundishwa. Tuangalie basi alifundishwa na nani.

Kwanza kuna resitasyo ya Kifaransa. Tangu zamani watoto wa masomo ya Kongo wanakariri fables za La Fontaine, ambazo kitabu chake cha kwanza kilitoka mwaka 1668, na mashairi mepesi ya Maurice Carême, Mbelgiji aliyezaliwa mwaka 1899 na kufa mwaka 1978. Hatusemi yatupwe. La Fontaine anafundisha akili, na hadithi zake za wanyama zinakaa karibu na hadithi za sungura na fisi ambazo bibi zetu wanatuhadithia usiku. Na Carême ni mtunzi safi. Lakini mtoto akisoma miaka sita juu ya theluji, majani yanayoanguka wakati wa baridi na moto wa jikoni ya Ulaya, atadhani mashairi yanakaa huko tu. Theluji hajaiona; ameona mvua ya mawe ikipiga mabati hata mwalimu akashindwa kusikika. Juu ya mvua ya mawe hakupewa hata mstari mmoja.

Yafaa waalimu wajue jambo moja juu ya huyo Carême. Yeye mwenyewe alikuwa mwalimu wa watoto wadogo katika Anderlecht, karibu na Bruxelles. Kati ya mwaka 1930 na 1932, alipokuwa akiandika mashairi ya mtindo mpya na mgumu, aliyaona mashairi yaliyotungwa na watoto. Tangu hapo akaacha ugumu, akarudi kwenye maneno mepesi. Maana yake nini? Yule ambaye sisi tunawakaririsha watoto mashairi yake, yeye aliwasikiliza watoto kwanza. Tumechukua maneno yake, tukaiacha njia yake.

Pili kuna mashairi ya Kiswahili yanayotufikia kutoka pwani ya bahari na Tanzania. Hapo pia hatusemi yatupwe, maana ndipo Kiswahili chetu kinapopata mifupa yake. Kila mwalimu ajifunze kuhesabu mizani nane ya utenzi, na mizani kumi na sita ya shairi, nane kwa nane. Asome Shaaban Robert, aliyekufa mwaka 1962. Asome hasa Mathias Mnyampala, Mkatoliki mwenzetu, ambaye mwaka 1963 alitoa Utenzi wa Enjili Takatifu, na mwaka 1965 Utenzi wa Zaburi, vyote viwili kwa mashini ya chapa ya misioni ya Ndanda. Mnyampala alizaliwa Ugogo, nchi kavu, mbali na bahari. Hakungoja apate minazi na jahazi ndipo awe mshairi wa Kiswahili. Alichukua mizani ya pwani na kutia ndani yake imani yake mwenyewe. Sisi mara nyingi tunafanya kinyume: tunachukua minazi, na mizani tunaiacha.

Tatu, na hili ndilo linalotusikitisha zaidi, tunawafundisha watoto kana kwamba wanakuja masomoni mikono mitupu. Sivyo. Mtoto wa miaka sita amekwisha kujua vitendawili vingi. Na kitendawili ni nini, kama si shairi dogo? Kinataka utazame kitu cha nyumbani, chungu, yai, moshi, kivuli, na kukisema kwa namna ambayo hakuna aliyeisema. Mtoto wa Mfuliiru anavyo vyake, wa Mbembe vyake, wa Mvira vyake. Huko Mulenge mtoto wa mchungaji amesikia wakubwa wakisifu ng'ombe, kila mmoja kwa jina lake na rangi yake. Watoto wa kike wanaoruka kamba wanahesabu kwa nyimbo ambazo hakuna mwalimu aliyewafundisha, na mizani yao haikosei hata kidogo, maana anayekosa anafungwa na kamba. Hazina hiyo yote tunaiacha mlangoni mwa kalasi, kisha twalalamika kwamba watoto hawawezi kutunga.

III. Kosa letu wenyewe

Tusionekane kuwahukumu waalimu peke yao. Kosa hili tumelifanya sisi pia, tena kwa mikono yetu.

Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 mwezi wa Aprili mwaka 2020, mto Mulongwe ulifurika katika mji wa Uvira. Maji yalishuka kutoka mlimani pamoja na mawe na matope, yakabomoa nyumba nyingi na kuua watu. Wasomaji wetu wengi walikuwapo, hatuna haja ya kueleza. Baadaye, katika sikukuu ya parokia moja ambayo hatutaitaja, tuliitwa kuwa waamuzi wa mashairi ya watoto. Neno walilopewa lilikuwa: «Uzuri wa nchi yetu».

Karibu wote waliandika juu ya maua, ndege na jua lile linalozama ziwani. Mtoto mmoja tu wa kalasi ya tano aliandika juu ya mto. Tunayaandika maneno yake jinsi tunavyoyakumbuka. Alisema kwamba mto uliingia kwao bila kupiga hodi, ukachukua sufuria na madaftari, na asubuhi ulikuwa mdogo tena, kama kwamba si wao. Mistari haikulingana. Kiswahili kilikuwa na makosa matatu au manne.

Sisi tulifanya nini? Tulisema: «Mtoto huyu ametoka nje ya neno. Tumemwomba uzuri, yeye ametuletea msiba.» Mmoja wetu alichukua kalamu akamsahihishia, na mto ule ukawa mto mwema wenye maji matamu, unaotiririka kwa upole. Mtoto alikariri maneno yetu mapya mbele ya watu. Aliyakariri vizuri. Zawadi tulimpa mwingine, mwenye maua.

Miaka imepita, na maneno ya yule wa maua hatuyakumbuka hata moja. Lakini mto unaoingia bila hodi, na asubuhi unakuwa mdogo kama kwamba si wao, hautuachi. Angalia maneno hayo. Mgeni asiyepiga hodi kwetu ni mtu wa namna gani? Ni mwizi, au adui, au mtu aliyepotewa na akili. Mtoto alikuwa amepata, katika adabu ya nyumba yake mwenyewe, neno la kuhukumu maji. Na lile la asubuhi ni kweli tupu: kila mtu aliyeutazama Mulongwe siku zilizofuata alishangaa jinsi kijito kile kilivyoweza kufanya yale. Lilikuwa shairi. Tulikuwa nalo mezani, tukaliua kwa kalamu nyekundu.

Tulikosa mara mbili. Tulikosa juu ya shairi, maana tulipenda maneno matamu kuliko maneno ya kweli. Na tulikosa juu ya mtoto, maana alikuja kutuambia jambo lililomwuma, nasi tukamfundisha kwamba mahali patakatifu si mahali pa kulisema. Zaburi zimejaa watu wanaomlilia Mungu kwamba maji yamewafika shingoni. Kanisa linawaimba kila siku, wala halijawasahihisha.

IV. «Na Mungu yuko wapi?»

Ndugu mmoja atatuuliza: «Katika shairi lenu la taa na mama, Mungu hatajwi. Je, twafundisha watoto kumsahau?» Swali hili ni jema, tulijibu taratibu.

Mungu hapendezwi zaidi kwa kuwa tumegongomea jina lake mwishoni kama msumari. Tumtazame Bwana wetu Yesu Kristu. Alipotaka kufundisha Ufalme wa mbinguni alisema juu ya chachu katika unga, mbegu ya haradali, kondoo mmoja aliyepotea, na mwanamke aliyewasha taa na kufagia nyumba ili aipate pesa yake moja. Alisema juu ya wavu unaokusanya samaki wa kila namna, na wavuvi wanaokaa pwani kuwachagua. Mtoto wa Kalundu anaona jambo hilo kila asubuhi. Katika mifano hiyo mara nyingi jina la Mungu halimo, lakini Mungu yumo ndani yake mwote. Hata michezo ya watoto Bwana aliitazama: katika Injili ya Mateo, sura ya 11, anasema juu ya watoto wanaokaa sokoni na kugombana kwa kuwa wenzao hawakutaka kucheza walipopigiwa filimbi. Mwana wa Mungu alikuwa amesimama sokoni akawasikiliza.

Ndivyo ilivyo pia katika Zaburi ya 104. Mtunzi wake anasifu, lakini kwanza anatazama: punda wa mwitu kwenye maji, ndege katika matawi, wanyama wa usiku, na mtu anayetoka asubuhi kwenda kazini hadi jioni. Na Mtakatifu Fransisko wa Asizi, alipotunga wimbo wake wa viumbe karibu na mwaka 1225, macho yakimwuma na mwili umechoka, hakusema «viumbe vyote» tu. Alilitaja jua, mwezi, upepo, maji, moto na udongo, na kila kimoja alikipa sifa yake kama anavyosifiwa ndugu. Sifa inayopita bila kutazama ni maneno ya hewa.

Basi mwalimu asiogope. Mtoto akitazama vizuri, sifa itakuja yenyewe, na ikija itakuwa yake. Isipokuja leo, shairi la kweli limekwisha kumheshimu aliyeumba kitu kile.

V. Kiswahili gani?

Neno jingine linalotupa matata ni lugha. Waalimu wengine wanafuta kila neno la kwetu katika shairi la mtoto. Mtoto akiandika sombe, wanataka kisamvu. Akiandika bugali, wanataka ugali. Akiandika bidoni ya maji, wanaitafuta kamusi. Sisi twaona kwamba hapa lazima tutenge makosa ya namna mbili.

Kosa la sarufi lisahihishwe bila huruma nyingi. Mtoto akiandika «maji inaingia», mwalimu amwonyeshe kwamba maji yanaingia. Hapo hapotezi kitu, anapata. Lakini neno la kitu cha kwao si kosa. Ndagala ni ndagala. Mtoto amewaona wakianikwa mchangani, wakimeta kama misumari midogo. Amepewa fimbo ya kufukuza kuku na mbwa wasiwale. Ameona mvua inakuja na mama wote wanakimbia kuwakusanya. Ukimwambia aandike «samaki wadogo», umemnyang'anya mchanga, fimbo na mvua. Katiba ya Kongo ya mwaka 2006 inakihesabu Kiswahili kati ya lugha nne za taifa, na sheria ya masomo ya mwaka 2014 inataka lugha za taifa au lugha za mahali zitumike katika kufundisha. Basi Kiswahili cha mtoto wetu ni chake kwa haki. Hana haja ya kukiomba radhi.

Tena vina visiwe bwana wa mtoto. Tumeona mara nyingi mtoto anataka kuandika juu ya mchikichi, lakini kwa kuwa mstari wa kwanza ulimalizika kwa -ni, mchikichi unageuka kuwa maua bustanini. Katika miaka ya kwanza mizani inatosha. Ipigwe kwa makofi, au kwa hatua za kuruka kamba, hata sikio liijue. Vina vitafuata mtoto akiwa na maneno mengi ya kuchagua.

VI. Mtoto wa pwani na mtoto wa juu

Twafika sasa kwenye jambo tulilotaka kulisema tangu mwanzo. Nchi yetu ni moja, lakini macho yake ni mengi. Mtoto wa pwani ajua usiku usio na mwezi, wavuvi wanapotoka na taa zao kuvuta ndagala, na ziwa linakuwa kama mji wa pili uliowashwa mbele ya Uvira. Ajua pia kwamba mwezi ukijaa taa zile hazitoki, na baba anakaa nyumbani kushona nyavu. Mtoto wa bonde la Ruzizi ajua mihogo, mpunga na vumbi la barabara. Mtoto wa Mulenge na vilima vya juu ajua baridi, majani marefu na ukungu. Kwa yeye tumejaribu ubeti huu:

Ukungu wamla ng'ombe,
namwita kwa jina lake,
kichwa kwanza chatokea,
mkia bado haupo.

Mtoto wa pwani akisikia haya atacheka, kisha atauliza: «Ni kweli? Ukungu unaweza kuficha ng'ombe mzima?» Swali hilo ni la thamani kubwa kuliko shairi lenyewe. Maana watoto wa nchi hii wanasikia mambo mengi juu ya wenzao wa kabila jingine, na mengi si mema. Mkubwa akisema «ng'ombe», mara watu wanasikia kabila. Akisema «shamba», wanasikia kabila jingine. Miaka ya vita imetia sumu hata katika majina ya vitu. Shairi la mtoto linaweza kuvirudishia vitu majina yake: ng'ombe awe tena mnyama wa kupendwa na mtoto, na shamba liwe mahali ambapo mama anachoka.

Kwa sababu hiyohiyo kuna mashairi ambayo lazima tuyakatae, hata kama mizani yake ni safi na watu wanacheka. Ni yale ya kumcheka jirani: vyakula vyake, pua yake, lugha yake, namna anavyotembea. Watoto wanayaimba njiani bila kujua uzito wake. Katekista akiyasikia asinyamaze. Asipige fimbo pia. Amwite mtoto na kumwuliza: «Huyo unayemwimba, umemwona kweli akifanya hivyo? Umekaa kwao?» Shairi la matusi nalo ni jua linalozama ziwani: limesemwa na mtu ambaye hakutazama. Hatari yake tu ndiyo kubwa zaidi.

Juu ya vita vyenyewe twasema neno moja. Tusimlazimishe mtoto kuandika alivyokimbia na alichokiona, maana kidonda hakifunguliwi ili watu wapige makofi. Lakini akikileta mwenyewe, tusimfungie mlango kwa maua. Tumsikilize, tumsaidie kusema sawasawa, na kama hataki kusomewa mbele ya watu, karatasi ibaki kati yake na mwalimu.

VII. La kufanya

Twaomba basi ndugu zetu wajaribu jambo jepesi, lisilo na franka hata moja. Mwalimu awatoe watoto nje nusu saa. Kila mmoja achague kitu kimoja tu: bidoni iliyotoboka, kifaranga, moshi wa makala, mtumbwi uliogeuzwa, Ruzizi ikiingia ziwani na rangi yake ya udongo. Akitazame mpaka aone jambo ambalo mwenzake hakuliona. Alisimulie kwanza kwa lugha ya mama yake, hata kwa mdomo tu, ndipo aliandike kwa Kiswahili. Mistari minne inatosha. Wapige makofi kuhesabu mizani. Mwalimu asahihishe sarufi, lakini asiguse kitu kilichoonwa kabla ya kumwuliza mwenye macho. Kisha parokia ya pwani na ile ya juu zipelekeane karatasi hizo kila mwaka, mara moja au mbili, kwa mikono ya mapadri wanaopanda na kushuka.

Na ninyi mafrateri, mnaosoma filosofia na teolojia, msidhani haya hayawahusu. Mahubiri mengi yanachosha watu kwa sababu ileile inayoharibu mashairi ya watoto: mhubiri anasema juu ya mchungaji ambaye hakumwona, na bahari ambayo hakuisafiri, hali mbele yake wamekaa wavuvi na wachungaji wa kweli. Fanyeni zoezi hili la mistari minne ninyi wenyewe, wakati wa likizo, nyumbani kwenu. Mtaona jinsi lilivyo gumu. Mtaona pia jinsi Injili inavyofunguka kwa mtu aliyejifunza kutazama taa, chachu na wavu.

Sisi tuliokuwa waamuzi siku ile hatuwezi kumrudishia yule mtoto mstari wake. Amekua, na hatujui kama bado anaandika. Lakini tumeamua kwamba mwaka huu, tukiitwa tena mezani, tutaiacha kalamu nyekundu nyumbani, na kabla ya kusoma tutauliza kila mtoto swali moja tu: «Uliliona wapi?»